Sanduku la Wasomaji: Kibangala Ndani ya Mchezo wa Magari

Mwezi huu tumepokea barua tano zinazohusu jambo moja, nalo ni namna ya kuondoa muziki uliokuja na mchezo wa kompyuta na kutia mwingine mahali pake. Ya kwanza ndiyo iliyobeba mengi, kwa hiyo nimeipa nafasi kubwa, na zilizobaki nimezijibu kwa kadiri zinavyotofautiana nayo.

*Bwana Mhariri, assalaam aleikum. Nina chumba kidogo cha michezo ya kompyuta hapa Langoni, Lamu, chenye kompyuta nne, na watoto huja baada ya skuli na chuoni kushindana katika mchezo wa magari uitwao SuperTuxKart. Muziki wake si mbaya, lakini nimeusikia kwa miaka miwili hata sasa nauota. Ami yangu hupiga kibangala, kile chombo chetu cha nyuzi, nikamwomba anirekodie kipande, naye akanitumia kwa WhatsApp. Nilifungua folda ya muziki ya mchezo, nikafuta faili la zamani, nikalipa faili la ami jina lile lile pamoja na herufi za mwisho. Mchezo ulifunguka, lakini barabara ile ikawa kimya kabisa. Baadaye rafiki yangu alinipa kipande kingine cha MP3, akakigeuza kwa programu yake. Hicho kinalia, ila kila kinapofika mwisho hukatika kidogo kama mtu aliyepaliwa, kisha huanza upya, na sauti za injini hazisikiki tena. Nimekosea wapi? Na je, naweza kutia na matari ya Maulidi? Msomaji wa Langoni.*

Waaleikum salaam, ndugu yetu. Umekosea mahali patatu, na hakuna hata kosa moja la kuonea haya. Lakini kabla ya hayo matatu, nenda kwanza ukalitafute katika pipa la taka la kompyuta faili ulilolifuta, ulirudishe, kisha ulinakili mahali pengine. Nasema hivi kwa uchungu. Mara ya kwanza nilipojaribu kazi hii nilifuta faili la asili bila kuweka nakala, nikalazimika kuushusha mchezo mzima upya, mamia ya megabaiti kwa bando la simu, usiku kucha, huku nikiliangalia salio likishuka kama maji ya bamvua yanavyokimbia.

Sasa tuje kwenye ule ukimya. Herufi za mwisho wa jina la faili ni kibandiko tu, wala hazibadilishi kilichomo ndani. Ukitia mafuta ya taa katika chupa iliyoandikwa siki, atakayeitia kwenye saladi atajua mara moja kuwa si siki. Mchezo wako husoma muziki uliobanwa kwa mtindo wa Vorbis, ambao toleo lake la kwanza kamili lilitolewa mwaka 2002 na shirika la Xiph.Org, na ambao hufungwa ndani ya kasha liitwalo Ogg. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp nao hufungwa katika kasha hilo hilo la Ogg, na hapo ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu kilichomo ndani ni mtindo mwingine, Opus, uliopitishwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2012. Mchezo ulifungua kasha, ukatafuta Vorbis, ukaikosa, ukaamua kunyamaza badala ya kusimamisha mbio. Kubadilisha jina hakungeweza kukusaidia hata ungelibadilisha mara kumi.

Ungeweza kuugeuza ujumbe ule uwe Vorbis kwa programu ya bure kama FFmpeg au Audacity, na ungelia. Hata hivyo sikushauri, kwa kuwa ujumbe wa sauti umekusudiwa maneno ya watu: hubanwa sana, tena huwa wa mkondo mmoja tu (mono), na nyuzi za kibangala hutoka humo zikiwa kavu kama zilizopigwa ndani ya debe. Mrudie ami yako kwa heshima, umwombe apige tena, na safari hii umfuate kwake wewe mwenyewe ukiwa na simu yenye programu ya kurekodi inayohifadhi katika WAV, yaani sauti isiyobanwa. Sauti ya WAV ya kiwango cha diski, yaani sampuli (vipimo vidogo vya wimbi la sauti) 44,100 kwa sekunde, biti 16 na mikondo miwili, huchukua takriban megabaiti 10 kwa kila dakika, kwa hiyo hakikisha simu ina nafasi. Ukishamaliza kazi na kuibana kwa Vorbis ya ubora wa ngazi ya 5, dakika ile ile itashuka hadi megabaiti 1 na ushei.

Vyumba vya nyumba zetu za mawe vina kuta nene zinazorudisha sauti, na mwangwi huo ukishaingia katika rekodi hautoki tena. Tundika magodoro mawili au blanketi nzito nyuma ya mpigaji na mbele yake. Usiweke simu karibu na mkono unaochukua ukasi wa kupigia nyuzi, kwa maana itanasa mikwaruzo kuliko noti. Iweke kiasi cha dhiraa moja mbali, ikielekea upande ule wa tumbo la chombo uliowambwa ngozi, ila isitazamane nao moja kwa moja. Wakati mzuri ni baada ya isha, punda wa mtaani wakiwa wamelala, kama siku hiyo watakubali kulala.

Kosa la pili ni lile la kukatika, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ilipo kazi yenyewe. Yale mengine ni ya kunakili na kubandika tu. Wimbo wa kawaida una mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea: mpigaji hufungua kwa taksim, yaani utangulizi wa chombo peke yake, huingia katika mwendo, kisha hupunguza na kumaliza. Muziki wa mchezo hauna milango hiyo. Unazunguka, na msikilizaji hapaswi kujua ni wapi umeanza wala ni wapi umerudi, kama vile mkeka mzuri ambao huwezi kuuona mshono wa ukili mpaka uugeuze. Kwa hiyo wimbo mzuri wa kusikiliza unaweza kuwa muziki mbaya sana wa mchezo, na kinyume chake.

Kile kipande cha rafiki yako kilikatika kwa sababu mbili. Kwanza, MP3 hukata sauti katika vipande vya sampuli 1,152 kila kimoja, na sauti isipotosha kukijaza kipande cha mwisho, nafasi iliyobaki hujazwa kimya. Mwanzoni pia huongezwa kimya kidogo na programu inayobana. Ni sehemu ndogo ya sekunde, lakini sikio linalofuata mapigo hulisikia pengo hilo kama mguu uliokosa ngazi. Kuigeuza MP3 hiyo iwe Vorbis hakuliondoi pengo, kwa kuwa kile kimya sasa kimekuwa sehemu ya muziki. Ndiyo maana nasisitiza uanze na WAV, kisha uende moja kwa moja kwenye Vorbis, ambayo huhifadhi urefu kamili wa kipande bila kuongeza kitu. Pili, nina hakika kipande kile kilikatwa mahali popote tu, pengine sekunde ya 60 kamili, kana kwamba muziki hufuata saa ya ukutani.

Muziki hukatwa kwa mapigo. Tuseme ami yako anakwenda kwa mwendo wa chakacha, mapigo makubwa 100 kwa dakika, mawili katika kila kipimo. Vipimo 16 vitakuwa mapigo 32, ambayo ni sekunde 19.2, ambazo ni sampuli 846,720. Hesabu hiyo ingefaa kabisa kama mpigaji angekuwa mashine. Binadamu hukimbia kidogo anapofurahi na hulegea anapochoka, kwa hiyo itumie hesabu kukuonyesha ujirani tu, halafu masikio yakuonyeshe nyumba. Katika Audacity kuza picha ya wimbi mpaka ulione pigo la dumbak, ile ngoma ya kusindikiza, linavyoinuka ghafla kama mlingoti. Kata hapo, mwanzoni mwa pigo, na mwishoni kata kabla kidogo ya pigo lile ambalo lingekuwa la kwanza la mzunguko unaofuata. Lakini kabla ya kukata, ukiwa umekwisha kuichagua sehemu hiyo, bonyeza herufi Z, nayo programu itaisogeza mipaka yake hadi pale wimbi linapovuka sifuri, ili kusiwe na mlio mdogo wa “tik” kwenye kiungo.

Bado kuna mtego mmoja ambao wengi huuona wakiwa wamekwisha choka. Uzi wa kibangala ukipigwa hauzimi papo hapo. Noti ya mwisho ya kipande chako itakuwa bado inavuma pale unapokata, na mwanzo utakaofuata hautakuwa na mvumo huo, kwa hiyo hata mkato uliopimwa vizuri utasikika kama mlango uliofungwa kwa kishindo. Dawa yake ni nyepesi na inahitaji uvumilivu wa ami tu: mwombe apige kipande kile kile mara tatu mfululizo bila kusimama, kisha tumia ile mara ya kati peke yake. Mwanzo wa mara ya kati umebeba mvumo wa mara ya kwanza, na mwisho wake unaelekea mara ya tatu, basi vikikutanishwa vinakubaliana. Mimi hupenda kuyajaribu matokeo kwa kuyaacha yazunguke huku nikifanya jambo jingine, kama kukuna nazi au kupanga karatasi. Kiungo nikikisikia nikiwa na shughuli, basi bado ni kibaya.

Kuhusu urefu, usiridhike na hizo sekunde 19. Mbio za raundi tatu zikichukua dakika nne, kipande hicho kitazunguka zaidi ya mara kumi na mbili, na watoto wako wataanza kukiimba kwa kukikejeli. Mwache ami atunge vipande vitano vinavyofuatana, upate kama dakika moja na nusu.

Kosa la tatu ni sauti kubwa. Muziki huu si mgeni wa heshima aketishwe mbele. Mbele wakae injini, breki na honi, ambazo kwa hizo mchezaji hujua nani yuko nyuma yake. Fungua faili la asili na lako katika Audacity, moja juu ya jingine, utaona lako limejaa ukuta hadi ukuta ilhali la asili limeacha nafasi juu na chini. Lipunguze, anza na desibeli 6, ambazo ni kulipunguza wimbi kwa nusu, kisha jaribu katika mchezo wenyewe kwa spika zile zile za chumba chako. Dumbak huhitaji uangalizi zaidi, kwa kuwa mlio wake mzito hukaa mahali pale pale unapokaa muungurumo wa injini, na viwili hivyo vikikutana hakuna kinachosikika vizuri. Maneno ya kuimbwa yaache kabisa. Akili ya Mswahili ikisikia shairi huacha usukani ikafuata fumbo.

Sasa, badala ya kulipa faili lako jina la lile la zamani, lipe jina lake lenyewe. Katika folda ya muziki utaona kila faili la Ogg lina mwenzake mdogo unaomalizikia kwa .music, ambao unafunguka kwa programu yoyote ya kuandikia maandishi matupu, na ndani yake pameandikwa jina la kipande, jina la mtunzi, na faili la kupigwa. Nakili faili hilo pia kabla ya kuligusa, kisha badilisha maneno yaliyo kati ya alama za kunukuu bila kuziondoa alama zenyewe. Faida yake si ya kiufundi tu. Mbio zinapoanza, SuperTuxKart huonyesha kwenye kioo jina la kipande na la mtunzi wake. Ukibadilisha sauti peke yake, kibangala cha ami yako kitalia chini ya jina la mtu mwingine, na mtu huyo mwingine atasifiwa au kulaumiwa kwa kitu asichokifanya. Faili hilo hilo dogo lina pia nafasi iitwayo gain ya kupandisha au kushusha sauti, kwa hiyo marekebisho madogo unaweza kuyafanya hapo bila kurudi Audacity. Weka kazi yako yote katika folda ya pembeni, maana siku utakapotia toleo jipya la mchezo, faili za asili zitarudi na zako zitaondoka. Wala usiogope sheria kwa mchezo huu, kwa kuwa programu yake imetolewa kwa leseni huru ya GPL inayomruhusu mtu kuibadilisha.

Ama matari ya Maulidi, jibu langu ni hapana, na hili ni rai yangu, si suala la kompyuta. Kasida zina mahali pake na adabu zake, na sidhani kama wazee wa Msikiti wa Riyadha wangefurahi kuzisikia zikikatizwa na ganda la ndizi lililotupwa njiani. Ukitaka mchangamko, tafuta mpigaji wa zumari na ngoma za kirumbizi, au pembe za vugo zinazogongwa kwa vijiti, ambazo zina mlio mkali unaopenya juu ya injini bila kuongezewa sauti.

*Mhariri, mimi ni wa Malindi. Katika mchezo wa GTA San Andreas nataka redio ya gari ipige mwanzele wa Kigiriama badala ya stesheni zake. Nimeambiwa lazima nivunje faili kubwa za mchezo. Ni kweli?*

Si kweli, ndugu. Toleo la kompyuta lililotoka mwaka 2005 liliwekewa mlango wake maalumu. Katika folda ya nyaraka zako mna folda iitwayo GTA San Andreas User Files, na ndani yake mna nyingine iitwayo User Tracks. Tia MP3 zako humo, fungua mchezo, nenda kwenye mipangilio ya sauti, uchague kuzisaka nyimbo za mtumiaji, na baada ya hapo utaikuta stesheni mpya ukiwa ndani ya gari. Unaweza kuuamuru mchezo uzipige kwa mfuatano, kwa kuchanganya, au kwa mtindo wa redio wenye matangazo katikati. Yale ya viungo niliyomwambia msomaji wa Langoni hayakuhusu, kwa kuwa redio ya gari hupiga wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho kama redio yoyote, na kayamba zitasikika vizuri tu. Ninalokuomba ni kuwa, kama una chumba cha michezo, usiwaweke watoto mbele ya mchezo huo. Umewekewa alama ya watu wazima, na mwanzele hautaubadilisha.

*Bwana Mhariri, nina michezo miwili ya zamani ambayo nimeirithi kwa kaka yangu hapa Shela. Quake hailii muziki kabisa, na Doom ina muziki lakini nikitafuta faili zake naona vitu vidogo vya kilobaiti chache. Muziki wa dakika nzima unawezaje kukaa humo, na naweza kuubadilisha?*

Barua yako imenirudisha ujanani, kwa hiyo nivumilie nikirefusha kidogo. Quake ya mwaka 1996 ilikuwa na muziki wake juu ya CD yenyewe, kama diski ya nyimbo: wimbo namba 1 katika diski ile ni data ya mchezo, na muziki huanza namba 2. Kaka yako alinakili mchezo kwenye kompyuta na diski ikabaki mahali pengine, basi muziki ukabaki nayo. Programu za kisasa za kuuendesha mchezo huo, kama QuakeSpasm, hutafuta muziki katika folda iitwayo music ndani ya folda ya id1, kwa majina track02.ogg, track03.ogg na kuendelea. Hapo una uhuru kamili, kwa sababu faili lolote la Vorbis lenye jina hilo litapigwa. Kumbuka tu kuanza na 02. Wengi huweka 01 na kungoja muziki usiokuja.

Doom ya mwaka 1993 ni habari nyingine. Kilichomo katika vile vitu vidogo si sauti, ni maagizo: piga noti hii, kwa nguvu kiasi hiki, kwa chombo namba fulani, kisha iache. Ni jamaa wa MIDI, lugha ya ala za muziki za elektroniki iliyoanza mwaka 1983, na kadi ya sauti ya kompyuta ndiyo inayoyageuza maagizo kuwa mlio. Kwa hiyo kibangala halisi hakiwezi kukaa humo. Unaweza kuandika noti zake, lakini zitatoka kwa sauti ya gita la bandia. Ukitaka sauti iliyorekodiwa, endesha mchezo kwa GZDoom, ambayo hukubali Ogg Vorbis. Usiliguse faili kuu la WAD, lile linalobeba data ya mchezo. Tengeneza dogo lako kwa programu ya SLADE, utie muziki wako humo kwa jina lile lile la asili, kwa mfano D_E1M1 kwa hatua ya kwanza, kisha ulipakie pamoja na lile kuu. Mchezo utachukua lako na kuliacha la zamani likiwa salama chini yake. Utaratibu huo wa kufunika bila kufuta ndio ninaoupenda kuliko yote, na laiti michezo yote ingeutumia.

*Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa Faza. Gemu yangu iko kwenye simu ya Android, si kompyuta. Naweza kubadilisha muziki wake?*

Marahaba, mwanangu. Kwa gemu nyingi za simu jibu ni kuwa usijisumbue. Zimefungwa katika kifurushi kilichotiwa saini ya mtengenezaji, na ukibadilisha hata faili moja ndani yake saini huharibika, simu ikakataa kukiingiza. Wanaolizunguka hilo hupakua vifurushi vya watu wasiowajua, na huko ndiko virusi huvuliwa. Angalia kwenye mipangilio ya gemu kama muziki na sauti za mchezo vina vipimo viwili tofauti. Kama vipo, shusha cha muziki hadi sifuri, acha cha sauti za mchezo, kisha fungulia muziki wako katika programu nyingine kabla ya kuingia kwenye gemu.

*Mheshimiwa Mhariri, naandika kutoka Mkomani. Marehemu baba yangu alipiga kibangala na tuna kanda zake za mwaka 1984, nyingine alirekodi nyumbani na nyingine katika studio ya mtu. Mwanangu anatengeneza mchezo wake wa kompyuta na anataka kuzitumia, kisha auuze. Je, ni halali yetu kwa kuwa ni za baba?*

Mola amrehemu, bibi yetu. Katika kanda moja kunaweza kuwa na wenye haki watatu au zaidi, na msiba ni kuwa watu huwadhani mmoja. Kuna aliyetunga maneno, kuna aliyetunga muziki, na kuna mwenye rekodi yenyewe, mbali na haki za waliopiga na kuimba. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki, na haki ya rekodi hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipofanywa. Kanda za 1984, kwa hivyo, zitakuwa na mwenyewe hadi mwisho wa mwaka 2034. Haki hizi huwapo hata kama hakuna aliyekwenda kusajili. Kusajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ni kuweka ushahidi.

Zile alizorekodi nyumbani, ikiwa yeye ndiye aliyetunga na kupiga, ni urithi wenu, na kinachotakiwa ni warithi wote wakubaliane, pamoja na wale wa ng'ambo wanaosahaulika hadi pesa zinapoonekana. Zile za studio mtafuteni mwenye studio au warithi wake kwanza, maana huenda rekodi ni yake ingawa mikono ni ya baba. Na kama aliimba shairi la mtu mwingine, jambo la kawaida sana hapa kwetu ambapo mshairi na mwimbaji mara nyingi si mtu mmoja, ukoo wa mshairi huyo nao una neno. Vipande vya asili ambavyo havina mtunzi mmoja anayejulikana vinaangukia sheria nyingine, ile ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kijamii, inayotaka ridhaa ya jamii yenyewe kabla ya kitu chake kufanyiwa biashara.

Mwanao akitaka njia fupi, achague kipande kimoja cha nyumbani alichotunga baba mwenyewe kisicho na maneno, ambacho pia ndicho kitakachofaa zaidi kuzunguka ndani ya mchezo. Kanda hiyo imepita miaka arobaini, kwa hiyo msiipige mara nyingi kuichagua. Ipigeni mara moja tu huku ikinakiliwa kwenye kompyuta katika WAV, chaguzi zote zifanyike kwenye nakala, na idhini ya warithi iandikwe kwa karatasi moja yenye jina la kipande, jina la mchezo na sahihi za wote.